Wazee wanataka risiti. Je, hawaniamini?

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, Mchungaji. Ninaongoza kanisa nililolianzisha miaka 8 iliyopita, tukiwa watu 11 sebuleni kwangu. Mke wangu ndiye mhazini tangu siku ile. Mwezi uliopita wazee wawili walinijia, wakataka sadaka ihesabiwe na watu wawili wasio wa nyumba yangu, na nilete risiti za safari za huduma. Baadhi nimezipoteza. Niliumia sana. Nikawasomea 2 Wafalme 12:15, kwamba waliosimamia mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu kwa kuwa walikuwa waaminifu. Wakanyamaza, ila niliona hawajaridhika. Kuna na jingine: mwaka juzi nilichukua fedha za ujenzi nikamtibia mwanangu, nikazirudisha zote. Anayejua ni mke wangu tu. Kuna haja ya kulisema?

Mchungaji aliyeumia

JIBU: Asifiwe milele, ndugu yangu. Pole, na mtoto natumaini amepona.

Turudi kwenye sura hiyo hiyo, ila tuanzie juu kidogo. Ulifika mwaka wa 23 wa mfalme Yoashi na mabomoko ya hekalu bado hayajatengenezwa, ingawa makuhani walikuwa wakipokea fedha. Maandiko hayasemi waliiba. Yanasema kazi haikufanyika, basi. Ndipo kuhani Yehoyada akatwaa kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Fedha zilipokuwa nyingi walikuja wawili kuzihesabu, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu: mmoja wa ikulu, mmoja wa hekalu. Hao wasiodaiwa hesabu walikabidhiwa fedha ambazo tayari zilikuwa zimehesabiwa na kupimwa. Katika kisa hicho wewe umekaa upande wa makuhani. Wazee wako wanachoomba ni kasha tu. Nami niliwahi kumnyamazisha mzee mmoja kwa mstari wa Biblia, nikarudi nyumbani nikijiona mshindi, kwa hiyo sikucheki.

Hata Paulo, mchango wa makanisa kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu hakutaka uwe mikononi mwake peke yake. Soma 2 Wakorintho 8: pamoja na Tito alitumwa ndugu mwingine, na huyo alichaguliwa na makanisa. Paulo anasema wazi kwamba hataki mtu apate la kumlaumu. Ni mtume huyo, na hakuona kwamba ametukanwa.

Kuhusu mama mchungaji: huenda ni mwaminifu kuliko sisi wote. Lakini akikuta kosa lako kwenye daftari, atampelekea nani? Umemtwika mzigo ambao mke hapaswi kubebeshwa, na lile la mwaka juzi amelibeba naye hadi leo. Mpumzishe kazi hiyo kwa heshima, kanisa limshukuru hadharani kwa miaka yote 8.

Sasa hilo la fedha za ujenzi. Nami nilifanya hivyo nikiwa mchungaji kijana. Nilikopa bila kumwambia mtu, nikarudisha baada ya miezi minne, senti kwa senti. Daftari lilikaa sawa. Mimi ndiye sikukaa sawa. Nilianza kumkwepa mhazini baada ya ibada. Karibu mwaka mzima sikuhubiri juu ya utoaji, na watu wakanisifu kwamba mchungaji wetu hapendi fedha! Sifa ile ilinichoma kuliko lawama yoyote niliyowahi kupata.

Kwa hiyo ndiyo, liseme. Liseme kwa wazee, kabla hesabu mpya haijaanza, wasije wakaligundua wenyewe. Peleka tarehe uliyochukua, kiasi, na tarehe uliyorudisha. Usilipambe likawa ushuhuda wa jinsi Mungu alivyokufungulia njia, na usianze na ugonjwa wa mtoto. Wana watoto wao, wataelewa wenyewe. Mwambie mkeo kwanza kwamba unakwenda kusema. Kama kanisa zima lielezwe au la, waachie wazee waamue, nawe utoke nje wakati wanaamua. Hapo patakuwa pagumu, najua, maana kwa miaka 8 hujawahi kutolewa nje ya kikao.

Na zile risiti ulizopoteza, waambie umezipoteza. Usitafute nyingine.