Usimwachie Mpaka Filimbi Ilie

Vijana wangu wa laini ya ulinzi katika futiboli ya Kimarekani, na ninyi malainibeka, walinzi mnaosimama nyuma ya laini, mnaodhani maneno haya hayawahusu: msimu huu nimeyaona tena yale yale. Kijana anampita mzuiaji wa kushoto vizuri mno, anamfikia kwotabeki, yule mrushaji wa mpira, anamzungushia mikono, kisha anamwachia. Ukimuuliza kulikoni, anajibu, "Kocha, nilidhani mpira umeshatoka." Mwaka jana niliyasikia, mwaka juzi niliyasikia, na wasemaji ni vijana tofauti. Miili mnayo, kasi mnayo, na adabu za nyumbani hamjazitupa. Lakini hilo "nilidhani" limenichosha, kwa hiyo kaeni nalo leo, hasa ninyi mnaoingia chuo mwaka huu na ninyi mliotoka kwenye raga.

1. Mchezo unafungwa na mwamuzi, si na wewe.

Mnamfahamu Mathias Kiwanuka? Jina lake Waganda hawalihitaji kuelezwa. Yeye ni mjukuu wa Benedicto Kiwanuka, waziri mkuu wa kwanza wa Uganda, aliyekuja kuwa jaji mkuu na akauawa mwaka 1972 enzi za Idi Amin. Mjukuu alizaliwa Indianapolis, akachezea Boston College, na mwaka 2006 New York Giants wa ligi ya NFL wakamchagua katika raundi ya kwanza ya drafti, yaani uteuzi wa wachezaji wapya, nafasi ya 32. Laini aliyoikuta ilikuwa na Michael Strahan, Osi Umenyiora na Justin Tuck. Kwa kijana wa nafasi ya endi, yule wa ukingoni mwa laini, hakukuwa na shule kubwa kuliko hiyo.

Novemba 26 mwaka huo Giants walikuwa Nashville kucheza na Tennessee Titans. Robo ya nne inaanza wanaongoza 21 kwa 0. Titans wanafunga mara mbili, inakuwa 21 kwa 14, na dakika zinakwisha. Sasa Titans wako dauni ya nne, jaribio lao la mwisho, wanahitaji yadi 10, wamebanwa upande wao wa uwanja. Wakizuiwa hapo, basi: Eli Manning, kwotabeki wa Giants, anapiga goti, saa inakwisha, watu wanarudi nyumbani. Kwotabeki wa Titans ni Vince Young, naye ni mgeni wa ligi kama Kiwanuka, mrefu, mwenye miguu ya mkimbiaji. Kiwanuka anamfikia. Amemshika kiunoni, mikono imekutana, kazi iliyobaki ni kumlaza tu. Halafu anamwachia. Young bado ana mpira mkononi, anageuka, anakimbia yadi 19, dauni ya kwanza, yaani majaribio yanaanza upya.

Yaliyofuata mnaweza kuyakisia. Titans wakasawazisha. Manning akarusha mpira ukanaswa. Rob Bironas, mpiga kiki wa Titans, akapiga kiki ya pointi 3 ya yadi 49 zikiwa zimebaki sekunde 6, na mechi ikaisha 24 kwa 21. Pointi zote 24 za Titans zilipatikana katika robo moja.

Baada ya mechi Kiwanuka hakujificha. Alieleza mbele ya waandishi kwamba alidhani mpira umeshaondoka, naye hakutaka kuadhibiwa kwa kumwangusha mrushaji aliyekwisha kurusha. Nimeitazama picha ile mara nyingi na kila mara inaniumiza, kwa sababu yule hakuwa mvivu wala mwoga. Alikuwa kijana mwenye nidhamu, ameambiwa wiki nzima awe mwangalifu na bendera ya adhabu ya mwamuzi, na akili yake ikafanya kazi ya mwamuzi katika nusu sekunde. Ndivyo mlivyo ninyi pia. Wazembe hawafanyi kosa hili. Wanaolifanya ni wale wanaosikiliza sana.

Basi fanyeni hesabu. Adhabu ile ni yadi 15 na dauni ya kwanza. Kumwachia Young kuliwagharimu Giants yadi 19 na dauni ya kwanza. Hata kama mpira ungekuwa umetoka kweli na bendera ikarushwa, hasara ingekuwa ndogo kuliko ile ya kuachia. Siwaambii mtafute adhabu. Nawaambia kwamba ukishamshika mtu mwenye mpira, woga wa bendera haukupunguzii hasara. Shika, kaza, sikiliza filimbi. Ukisikia kelele za mashabiki, hiyo si filimbi.

2. Jifunzeni kuanguka.

Tangu 2018 waamuzi wanaangalia sana ukimwangukia kwotabeki kwa uzito wako wote, na najua ndilo linalowatia hofu. Dawa yake ni ya mazoezini: mshike, zungusha nyonga, angukieni ubavu, yeye juu yako au pembeni yako. Rudieni mpaka mwili ufanye wenyewe bila kuulizwa. Septemba 2018 William Hayes wa Miami Dolphins aliumia goti, kano ya ndani ikakatika, akijaribu kutomlalia Derek Carr wa Raiders. Msimu wake ukaishia pale. Uamuzi wa namna ya kuanguka ukiufanyia hewani, umechelewa.

3. Mkihamishwa nafasi, msinune.

Hapa nataka kurudi kwa Kiwanuka, maana watu wengi wanamkumbuka kwa Nashville tu, na huko ni kumdhulumu. Mwaka 2007 Giants walimwambia atoke endi awe lainibeka. Fikirini: mtu wa raundi ya kwanza, maisha yake yote ameanza mchezo mkono ukiwa chini, sasa anasimama, anarudi nyuma kukaba pasi. Alikubali. Novemba akavunjika mguu dhidi ya Detroit, na wenzake walipowafunga Patriots ambao hawakuwa wamepoteza mechi, 17 kwa 14 katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Februari 2008, yeye alikuwa majeruhi akitazama. Kisha Strahan akastaafu, Umenyiora akaumia goti kabla ya msimu, na timu ikamwambia: rudi endi. Akarudi, akapata saki 8 mwaka huo, yaani mara 8 alimwangusha kwotabeki kabla hajarusha. Mwaka 2010 shingo ikamtoa baada ya mechi 3. Mwaka 2011 akawa lainibeka tena, na Februari 2012 Giants wakachukua Super Bowl nyingine, 21 kwa 17, dhidi ya Patriots wale wale, mjini Indianapolis alikozaliwa. Safari hii alikuwa uwanjani.

Alibaki Giants mpaka mwisho wa msimu wa 2014, timu moja tu, na saki zaidi ya 35. Sasa wewe uliyeninunia wiki iliyopita kwa sababu nimekusogeza ndani hatua mbili ucheze mbele ya gadi, mzuiaji wa ndani, mwanangu, unaniambia nini? Kocha anayekuhamisha ameona una kitu zaidi ya kimoja. Asiyehamishwa kamwe ni yule asiye na pengine pa kwenda, au ni Strahan, na wewe bado hujawa Strahan.

4. Timu maalumu, ile ya mipira ya kiki, si adhabu.

Kikosi cha NFL ni watu 53, na siku ya mechi si wote wanaovaa jezi. Anayekaa mwisho wa orodha huvaa kwa sababu anakimbia kwenye mipira ya kiki. Daniel Adongo wa Nairobi aliingia Indianapolis Colts mwaka 2013 akitoka kwenye raga, hajawahi kucheza mchezo huu hata shuleni, na mlango uliomfikisha uwanjani ulikuwa huo huo wa timu maalumu. Mkenya wa kwanza kucheza NFL. Ninyi mliotoka kwenye raga, mnajua kukaba mtu kwenye uwanja wazi kuliko hawa waliolelewa hapa, kwa hiyo ombeni nafasi hiyo kabla hamjapewa.

5. Saa.

Kocha wa Giants wakati huo, Tom Coughlin, alikuwa akitoza faini wachezaji waliofika kikaoni kwa wakati, kwa kuwa kwake kufika kwa wakati ni kufika dakika 5 kabla. Baadhi yao walilalamika hadi chama cha wachezaji. Mimi sitozi faini, ila milango naifunga.

6. Mengine kwa ufupi, maana mnayajua na hamyafanyi.

Mikono ifike kifuani mwa mzuiaji kabla yake haijafika kwako. Angalieni mpira wakati wa snapu, pale unaporudishwa nyuma kuanza mchezo, msisikilize sauti ya kwotabeki. Nusu ya adhabu zenu za kuruka mapema zinatoka masikioni. Maumivu ya shingo na ya kichwa yasemeni siku hiyo hiyo, kwangu au kwa daktari wa timu. Na atakayefika kwenye ligi, ajue mkataba mwingi hauna dhamana na pensheni inahitaji misimu 3 inayohesabiwa, kwa hiyo fedha ya mwaka wa kwanza isiishie kwenye gari.

Jumatatu tunaanza na zoezi la kushika na kuzungusha, bila kofia, taratibu. Wa raga watatangulia, wengine wawatazame miguu.