Vitamini D na kansa ya tumbo: nilimshika mchawi siye

Mama mdogo alipogundulika ana kansa ya tumbo (ule mfuko wa chakula), kwenye majibu yake nikaona vitamini D iko 11, chini kabisa, maana wengi wanataka angalau 20. Hapohapo nikasema nimeshamjua mchawi. Nikatafuta vidonge vya yuniti 50,000, vile ambavyo kumbe mtu anaandikiwa kimoja kwa wiki, mimi nikawa nagonga kimoja kila siku miezi miwili na ushee, bila kupima wala kuuliza mtu. Nilichovuna ni kiu isiyoisha, choo kigumu na kichefuchefu, nikajua tayari na mimi ninayo, kumbe kalsiamu imepanda kwenye damu. Jamani hii vitamini inakaa kwenye mafuta, ukizidisha huikojoi ikaisha kama vitamini C.

Daktari akanisomesha. Ni kweli wagonjwa wengi wa kansa ya tumbo wanakutwa na vitamini D ya chini, lakini mtu hali, anakonda, anashinda ndani, tumbo lenyewe bovu, itakuwaje juu? Yaani ugonjwa wenyewe unaweza kuwa ndio umeishusha. Na Marekani walishajaribu, watu 25,871, wengine yuniti 2,000 kila siku na wengine vidonge hewa visivyo na dawa ndani, kama miaka mitano hivi, idadi ya waliopata kansa haikupishana kwa maana.

Halafu akaniuliza, "H. pylori umepima?" Nikabaki namtolea macho. Huyo ndiye bakteria ambaye tangu 1994 shirika la utafiti wa kansa la WHO limemwandika kwenye kundi la visababishi vya uhakika vya kansa, na sisi ndugu wa damu wa mgonjwa ndio wa kupima mapema. Sio kila mwenye naye anapata kansa, wengi hawapati, ila anatibika. Kapime kwa choo au kwa kupuliza pumzi, ile ya damu inaweza kukuonyesha maambukizi yaliyokwisha zamani. Kama unatumia omeprazole, ile dawa ya kupunguza asidi tumboni, uache wiki mbili kabla, antibayotiki wiki nne, la sivyo majibu yatakudanganya (ila muulize daktari wako kwanza).

Mama mdogo vitamini D anaimeza mpaka leo, ya mifupa, kwa sababu tumbo lilikatwa na kalsiamu hainyonywi vizuri. Mimi nilikutwa naye bakteria, nikala dozi siku 14 mdomo mchungu kama nimelamba chuma, kisha nikarudi kupima tena, na hapo ndipo wengi wanaporuka.