Mheshimiwa Akichukua Kazi Yako, Usimwombe. Mtumie Invoisi

Juzi kijana mmoja wa Kayole aliniandikia. Anatengeneza midundo, na mwaniaji mmoja wa ubunge ameuchukua mdundo wake, akautia kwenye video ya kugawa unga na kuisambaza TikTok. Hakumuuliza, hakumlipa, wala jina lake halipo popote. Swali lake: "Kaka, nimuombe anitaje?"

Kumuomba! Wewe unayesoma hapa, najua unataka kazi yako ikulishe. Landlord wa mtaa wa Umoja hapokei kutajwa. Kutajwa ni haki yako, kifungu cha 32 cha Sheria ya Hakimiliki kinasema hivyo, lakini kwenye barua ya madai kunakaa mstari wa pili, chini ya pesa.

Nasema kwa uchungu kwa sababu yalinipata. Mwaka 2022, kura ya tarehe 9 Agosti ikiwa imekaribia, nilikuwa kwenye matatu Jogoo Road, imekwama karibu na Burma kama kawaida yake, nikainua macho nikaona picha yangu juu ya bango. Mama anayeuza sukuma Marikiti, alfajiri, taa za lori nyuma yake na pumzi yake ikionekana kwa baridi. Picha hiyo niliipata baada ya kwenda pale asubuhi nyingi, mpaka wabeba mizigo wakaacha kunishuku kuwa ni kanjo, askari wa jiji. Na bado naamini ni picha bora niliyowahi kupiga.

Sasa kando ya mama alikuwa amebandikwa mheshimiwa, mkono hewani, kivuli chake kikienda upande wake na cha mama kikienda kwingine. Jina langu pembeni lilikuwa limekatwa. Fundi aliyelikata anajua kazi yake, hilo nampa.

Nilipompata msemaji wake kwa simu, aliniambia picha ilikuwa Google, kwa hivyo ni ya wote. Akaongeza kwamba mheshimiwa akiingia nitakumbukwa. Kila Mkenya anajua kukumbukwa huko.

Lakini bango lenyewe halikuniuma kama mama. Wenzake sokoni walianza kumwita "mama wa chama". Wateja wa upande wa pili wakawa wanampita. Nilipoenda kumwona alinitazama, akauliza: "Kijana, kumbe uliniuza kwa hawa?" Nilijieleza hadi nikachoka. Ndiyo maana nawaambia wapiga picha: picha ni yako, lakini sura ni ya mwenyewe, na faragha yake inalindwa na kifungu cha 31 cha Katiba. Mheshimiwa yule alikuwa na deni kwetu sote wawili, mimi na mama.

Niruke barua na simu za katikati, zinachosha. Muhimu ni kwamba nilikuwa na faili halisi kutoka kwenye kamera, na picha nilikuwa nimeisajili kwa Bodi ya Hakimiliki, KECOBO. Usajili si lazima, kwa sababu sheria yetu ya 2001 inakupa haki tangu kazi inaporekodiwa, iwe kwenye karatasi au kwenye simu. Ila siku ya kubishana na mtu mwenye wakili, cheti kinafupisha mazungumzo. Wakili wangu aliwakumbusha kwamba mahakama inaweza kuagiza bango liondolewe na mwenye kazi alipwe fidia, au kiasi ambacho angelipwa kama angeombwa ruhusa. Pesa ziliingia kwa M-Pesa kutoka kwa jina nisilolijua, bila neno la pole. Sehemu nilimpelekea mama. Alizihesabu mbele yangu, akashukuru, kisha akaniambia nisimpige picha tena.

Usidhani haya huwapata wadogo tu. Mwezi wa Mei mwaka huohuo, Sauti Sol walilalamika hadharani kwamba kampeni ya muungano wa kisiasa wa Azimio ilitumia wimbo wao, bila ruhusa yao, kwenye video ya kumtangaza mgombea mwenza. Hapo ndipo wengi hukanganyikiwa: leseni ya kupiga muziki mkutanoni ni kitu kimoja, na ruhusa ya kuutia wimbo kwenye video ya tangazo ni kitu kingine, nayo hutoka kwa mwenye wimbo. Hata bango maarufu la Obama la 2008, lile lililoandikwa HOPE, lilichorwa kutokana na picha ya mpiga picha wa shirika la habari la AP. Mchoraji, Shepard Fairey, na AP walifikishana mahakamani, wakapatana 2011.

Sisi wasanii wa Nairobi tumezoea kujidharau. Mtu akikuibia shati kwenye kamba unapiga kelele mtaa mzima, akikuibia wimbo unamshukuru kwa kukupa jukwaa. Acheni! Kijana wangu wa Kayole, ihifadhi video hiyo leo kabla hawajaifuta, pamoja na tarehe na akaunti iliyoiweka. Hifadhi faili la mradi wa mdundo wako lilivyo kwenye kompyuta. Sajili. Kisha tuma invoisi yenye kiasi kamili, si "chochote utakachojaliwa". Na kila kitu kiandike. Simu huwa hazikumbuki, andika.

Na kama ni mheshimiwa mwenyewe aliyekuajiri kwa siku ile ya mkutano, hapo sheria imegeuka upande wake. Kazi ya kuagizwa huhesabiwa kuwa imehamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. Wengi hawalijui hili mpaka waone picha zao kwenye kampeni ya pili na ya tatu bila shilingi. Kwa hivyo kabla ya kubonyeza kamera, muwe na karatasi inayosema picha ni zako, na yeye analipia kuzitumia hadi siku ya kura. Akikataa kutia sahihi, mtoze bei ya kuuza picha moja kwa moja, na malipo yaingie kamera ikiwa bado kwenye mfuko.