Afya Yako: Moyo wenye uhaba wa damu, mbona unapunguziwa kasi?

SWALI: Daktari, shikamoo. Mama yangu ana miaka 61. Akipanda ngazi kifua kinambana, akikaa kinaachia. Kaandikiwa atenolol miligramu 50 kwa siku, nasi tumeambiwa inapunguza mapigo. Moyo usiopata damu ya kutosha unapunguziwaje kasi tena? Na akipata nafuu, aache? (Msomaji, Tanga)

JIBU: Marahaba. Msuli wa mguu ukihitaji oksijeni zaidi, hunyonya zaidi kutoka kwenye damu ileile. Moyo hauna akiba hiyo. Hata mtu akiwa amekaa, umeshachukua takriban asilimia 70 hadi 75 ya oksijeni inayoupitia. Ukitaka zaidi, lazima damu yenyewe iongezeke, na mshipa uliosongwa na mafuta hauruhusu.

Kuna jambo wengi hawalijui: upande wa kushoto wa moyo hupata damu yake nyingi unapolegea, kwa sababu ukijikunja huibana mishipa yake wenyewe. Mapigo yakienda mbio, muda wa kulegea ndio unaopunjwa. Kwa hiyo adrenalini (homoni inayoharakisha moyo) ya kwenye ngazi humzidishia mama mahitaji na papo hapo humpunguzia ugavi. Atenolol huziba vipokezi vya beta, yaani milango ya moyo ambayo adrenalini hubisha hodi, hivyo mapigo hutulia.

Halafu kuna suala la kuni. Moyo hupenda kuchoma asidi za mafuta, lakini kwa kila kipimo cha oksijeni, glukosi hutoa nishati zaidi kwa kiasi kinachozidi kidogo asilimia 10. Adrenalini huyeyusha mafuta ya mwili na kuyamwaga kwenye damu, na mafuta hayo huizuia glukosi isichomwe hadi mwisho. Glukosi ikiishia njiani hutoa molekuli 2 tu za ATP (sarafu ya nishati ya mwili) badala ya 30 na ushee, huku asidi na laktati (mabaki ya glukosi isiyochomwa hadi mwisho) zikirundikana na msuli kulegalega. Moyo wenye afya hula laktati. Wenye njaa ya oksijeni huitema. Dawa za kuziba beta hupunguza mafuta hayo kwenye damu, na wagonjwa waliopimwa damu inayotoka kwenye msuli wa moyo baada ya kupewa propranolol, ndugu yake atenolol, walionekana mioyo yao ikitema laktati pungufu kuliko awali. Hata hivyo, nafuu kubwa anayoihisi mama hutokana na kupungua kwa mapigo. Kubadilika kwa kuni ni nyongeza.

Mpime mapigo asubuhi kabla hajainuka, dakika nzima. Kwa maumivu ya aina hii tunalenga 55 hadi 60. Yakishuka chini ya 50, au akihisi kizunguzungu, arudi kliniki.

Asiache ghafla, hata akijihisi mzima. Vipokezi vilivyozibwa kwa muda huongezeka idadi, na dawa ikikatika adrenalini huvikuta vingi na wazi: maumivu hurudi kwa kishindo, pengine na shambulio la moyo. Dozi hupunguzwa polepole kwa wiki 1 hadi 2, chini ya daktari. Nunueni vidonge vipya kabla vya zamani havijaisha.

Mwambieni daktari kama ana pumu, au anatumia verapamil (dawa nyingine ya moyo na presha), kwani dawa hizo mbili zikikutana moyo unaweza kwenda taratibu mno. Kama ana kisukari, sukari ikishuka hatahisi moyo kwenda mbio wala kutetemeka. Jasho ndilo litakalomstua. Figo nazo zipimwe, maana atenolol hutoka mwilini kupitia huko, na zikiwa dhaifu dozi hupunguzwa.