Msitafute gundi wala rangi, shoneni: jibu kwa mwalimu wa Malindi

Mwalimu, umeuliza ni gundi gani na rangi gani zifaazo kwa sanamu ya samaki ambayo wanafunzi wako wanataka kuiunda kwa plastiki waliyoiokota pwani ya Malindi na kuisimamisha kwenye uwanja wa shule. Nimeifanya kazi hii hapa Lamu kwa miaka kadhaa, na ushauri wangu ni kwamba msinunue chochote kati ya hivyo viwili. Vizibo vya chupa na madumu mengi ni plastiki za jamii ya polithini na polipropilini, ambazo hazishikani na gundi ya kawaida. Rangi nayo hukaa juujuu tu. Ikishapigwa na jua na mvua hubanduka, na kila ganda linaloanguka ni taka mpya inayoelekea baharini.

Hayo niliyajua kwa hasara. Kasa wangu wa kwanza, mwenye gamba la vipande vya madumu ya buluu, nilimgandisha kwa gundi, nikampaka rangi ya kijani na kumweka karibu na maji ili kila mpita njia amwone. Wakati wa kaskazi alipendeza mno. Kusi ilipokwisha nilimwendea, na nilipoligusa gamba lake likamomonyoka mkononi kama mkate mkavu, huku mchanga wa chini yake umejaa chembe za buluu na kijani, ndogo kuliko punje za mchele. Nikaketi kuziokota hadi magharibi, wala sikuzimaliza. Dumu zima mtoto angeliokota kwa mkono mmoja. Mimi ndiye niliyeliacha liwe chembe ambazo hakuna awezaye kuzikusanya. Miale ya jua ilikuwa imekwisha kuidhoofisha plastiki ile kabla sijaiokota, nami sikuwa nimeipima.

Kwa hiyo anzeni kwa kupima. Osheni kila kipande kwa maji baridi ili chumvi na mchanga vitoke, kianikeni kivulini, kisha kisugueni kwa kidole gumba na kukipinda kidogo. Kikiacha unga mweupe kidoleni, au kikilia na kufanya ufa, kitieni guniani pamoja na takataka nyingine, na msikichome, kwa maana moshi wa plastiki, hasa ule wa mabomba ya maji, una sumu na watoto hawapaswi kuuvuta. Wakati wa kuokota, waambie pia wauache mwani ulipo, na kaa aliyejificha ndani ya kizibo wamrudishe mchangani.

Sasa kushona. Wazee wa visiwa hivi waliushona mtepe kwa kamba za makumbi, ubao kwa ubao, bila msumari wa chuma, ukabeba mizigo baharini. Samaki wenu hataomba zaidi ya hapo. Nyuzi mnazo tayari katika mishipi na nyavu zilizotupwa, maadamu zimepimwa kama vile vitu vingine. Kila kizibo kitobolewe matundu mawili kwa keekee, juu ya kitambaa kilichotandazwa ili unga wa plastiki usipotee, kisha kifungwe kwenye wavu uliovutwa juu ya kiunzi cha fito. Anzieni mkiani kuelekea kichwani, kila safu ikiilalia kidogo ile iliyotangulia, kama fundi anavyoezeka makuti kuanzia chini ya paa. Ukianzia kichwani, magamba yatakuwa yameelekea nyuma mbele, na mtoto yeyote wa mvuvi atakuambia huyo si samaki.

Kuhusu rangi, mnaikumbuka mashua ya Flipflopi, iliyoundwa hapa Lamu na fundi Ali Skanda na wenzake kwa plastiki iliyoyeyushwa, ikashushwa majini mwaka 2018 na mwanzoni mwa 2019 ikasafiri hadi Zanzibar. Ilivishwa kandambili zipatazo 30,000, na mapambo yake yote yalikuwa rangi za kandambili zenyewe. Kandambili hukatika vizuri kwa kisu kikali, kazi ambayo ningeiacha kwa watu wazima. Wanafunzi wapange vizibo makapuni, kuanzia buluu iliyokolea hadi ile iliyofifishwa na jua lakini bado ni imara. Mfifio huo hakuna duka liuzalo, na wangu mimi huutumia tumboni, mahali ambapo samaki wa kweli huwa mweupe.

Jambo moja nakusihi: asisimamishwe uwanjani juani, bali barazani au chini ya paa. Kasa wangu wa pili yuko kivulini hivyo, na kila kusi ikiisha namkagua kizibo kimoja kimoja. Kile kilichoanza kutoa unga nakata uzi wake, nakiondoa, na kushona kingine mahali pake.