Imani wa Montrose na zamu niliyoiharibu
Juma lililopita binti mmoja wa Kilifi aliniandikia akiuliza aanzie wapi, kwa kuwa anataka kuwalinda ndege wa ufukweni na wenzake wanamcheka. Jibu langu naliweka hapa, kwa sababu najua wengi wenu mna nia kama yake.

Mimi nilivutwa na jina. Nilikuwa mgeni Chicago niliposikia kwamba ufukweni Montrose, kando ya Ziwa Michigan, yuko kitwitwi aitwaye Imani, nikaenda kumtazama siku iyo hiyo. Ni ndege wa rangi ya mchanga mkavu, mwenye ukosi mweusi na miguu ya rangi ya chungwa, ambaye uzito wake haufiki gramu 70; hukimbia kidogo, husimama, hukimbia tena, sawasawa na wale niliokuwa nikiwafukuza utotoni Tanga maji yakipwa. Wazazi wake, Monty na Rose, walitaga hapo mwaka 2019, na tamasha la muziki lililopangwa kufanyika ufukweni likafutwa. Vitwitwi wa aina hii katika Maziwa Makuu ya Marekani walikuwa wamebaki jozi zipatazo 13 mwaka 1990. Lengo la wanaowanusuru ni jozi 150, na hadi 2025 hazikuwa zimefika hata 100.

Kiangazi cha 2024 Imani alipata mwenzi, Sea Rocket, aliyelelewa na watu kisha akaachiliwa hapo mwaka uliotangulia. Nami nilikuwa nimejiandikisha kulinda kwa zamu. Vifaranga wanne wakaanguliwa. Kifaranga wa kitwitwi halishwi na mzazi. Saa chache tu baada ya kutoka yaini hukimbia mwenyewe kutafuta wadudu, na kwa muda wa wiki tatu na zaidi hawezi kuruka, kwa hiyo wiki hizo tulikaa roho mkononi.

Jioni moja kijana alikuja na mbwa asiyefungwa. Badala ya kumsalimu nilimfokea, nikamwita mharibifu mbele ya mkewe. Tulipokuwa tukibishana, mbwa alizunguka karibu na kamba tulizozungushia eneo la vifaranga, huku Imani akijiburura mchangani na kujifanya amevunjika bawa ili amvute mbali na watoto wake. Hakuna kifaranga aliyeguswa. Hata hivyo kiongozi wa zamu aliniambia nikapumzike siku mbili, na maneno yale yananiuma mpaka leo, kwa sababu alikuwa na haki na yule kijana hakurudi tena.

Niliporudi nilianza kila mazungumzo kwa salamu, kisha nikamkaribisha mtu kwenye darubini. Aliyekwisha kumwona kifaranga kwa macho yake alimfunga mbwa bila kuambiwa. Watatu kati ya wale wanne tuliwapoteza. Mmoja, Nagamo, alikua, nami nilikuwapo zamuni alipopaa juu ya kamba zetu, na sijapata kujivunia kazi yoyote kama ile.

Basi, ndugu zangu, msianze na mabango wala makaripio. Salimuni kwanza. Ndege hahitaji kuelezwa lolote. Anayehitaji kuelezwa ni jirani yake, na jirani hasikii akitukanwa. Nawe binti yangu, nenda Mida, ile hori ya kwenu Kilifi, maji yakipwa, uketi na wachimba chambo, uwaulize wao wanawaitaje ndege wale, na daftari liache mfukoni mpaka wamalize kukusimulia.