Mashine ikikataa vidole vyako, usitoke kituoni

Ndugu umeuliza mama yako, mchuma chai wa miaka mingi, afanye nini siku ya kura hapa Kenya karani akimwambia "vidole havisomi, nenda nyumbani". Jibu fupi: asiende. Karani hana mamlaka ya kumrudisha mpiga kura aliye kwenye sajili. Uamuzi ni wa msimamizi wa kituo, naye ana utaratibu wa kufuata.

Mikono ya chai, saruji na jembe hulika alama zake, na uzee huzififisha zaidi. Kwanza aombe kujaribu vidole vingine, baada ya kupangusa jasho au vumbi, kwa sababu mara nyingi kidole gumba hugoma na cha shahada kikakubali. Vikikataa vyote, amwite msimamizi wa kituo. Huyo anawaita mawakala wa vyama washuhudie kwamba mashine ya KIEMS, ile ya kielektroniki ya kutambua wapiga kura, imeshindwa kumtambua, kisha nambari ya kitambulisho inaingizwa kwenye mashine hiyo hiyo na jina na picha yake vinatokea. Hapo inajazwa Fomu 32A, ile ya mpiga kura ambaye vidole vyake vimekataa, naye anapewa karatasi zake sita za kura kama mtu mwingine yeyote. Akumbuke jina la hiyo fomu. Ukiitaja kwa upole, hata karani mwenye haraka hutulia. Sajili iliyochapishwa hutolewa mashine zenyewe zinapokufa, kama ilivyotokea sehemu za Kakamega na Makueni mwaka 2022.

Lakini tofautisha hilo na kutopatikana kwa jina. Shule moja ya msingi inaweza kuwa na vituo vitano au zaidi, kila kimoja kikiwa na wapiga kura wasiozidi 700, wakigawanywa kwa herufi za majina. Wengi husimama saa tatu kwenye foleni isiyo yao. Aulize mlangoni, kabla ya kupanga foleni, jina lake liko chumba kipi. Kama alijiandikisha kwingine kabisa, hapo hakuna dawa siku hiyo, kwa hiyo kagueni sajili mapema, uchaguzi wa Agosti 2027 ukiwa bado mbali.

Kitambulisho kiwe kile kile alichojiandikishia, ama pasipoti kama ndiyo aliyotumia. Nakala haikubaliki, wala karatasi ya kusubiri kitambulisho kipya. Na asimwachie mtu yeyote "amhifadhie" kitambulisho, awe mgombea, msimamizi wa shamba au jirani. Anayekishika anashika kura yake, na kununua au kuzuia kitambulisho cha mpiga kura ni kosa la jinai.

Vituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni. Aliye kwenye foleni saa hiyo ana haki ya kupiga kura hata giza likiingia. Wazee, wajawazito na walemavu hupitishwa mbele, asione haya kuomba.

Akikosea alama kabla ya kutumbukiza, airudishe karatasi kwa msimamizi apewe nyingine. Ile ya kwanza inafutwa. Akishaitumbukiza, basi. Alinganishe pia rangi ya karatasi na ya mfuniko wa sanduku: ya rais ni nyeupe, ya gavana samawati.

Macho yakiwa yamepungua, unaweza kuingia naye wewe mwenyewe, mradi umetimiza miaka 18, hujamsaidia mtu mwingine siku hiyo, na umekula kiapo kwenye Fomu 32. Akienda peke yake, msimamizi ndiye humsaidia, mawakala wakiwapo. Wakala hawezi kuwa msaidizi wake, hata akijitolea kwa tabasamu.

Akizuiwa hata baada ya hayo yote, andikeni jina la kituo, nambari ya chumba na saa, mwambieni wakala yeyote aliye ndani, kisha mfikieni msimamizi wa uchaguzi wa eneobunge siku hiyo hiyo, kabla ya saa kumi na moja. Malalamiko ya kesho yake hayamrudishi foleni.